Walicheza Kilio cha Mtoto Wangu

Nilikuwa nimeshika sahani ya bukari na samaki, pale DJ alipoweka wimbo niliomtungia mtoto wangu siku tuliyomzika.

Na watu wote wakainuka kucheza.

Rudi usome tena kama hujaelewa. Wimbo wa kilio. Haukuwahi kuingia studio, haukuwahi kupigwa redioni, haukuwahi kuvuka mlango wa ukoo wetu.

Sasa unapigwa kwenye harusi kule Kataki, sono imefunguliwa mpaka madirisha yanatetemeka, na bibi arusi anazungusha kiuno juu yake.

Nilidhani nina homa. Nikajishika paji la uso. Hakuna homa.

Halafu DJ akakata muziki ghafla, ikabaki sauti ya kijana anauliza peke yake:

“Nani, Glodie, nani?”

Sale nzima, ukumbi wote, ikajibu kwa kelele:

“Mimiii!”

Sahani ikaniponyoka.

Dada yangu mkubwa Mado, Yaya wangu, ambaye alikuwa pembeni yangu, akanikamata mkono.

“Laurette, tulia. Batu banaangalia.”

“Yaya, unasikia?”

“Ninasikia. Toka inje. Usilie hapa, hii ni ndoa ya batu.”

Nikatoka nje. Sikulia. Niliegemea ukuta nikasikiliza watu wakimwita mtoto wangu na kucheka.

Ngoja niwaambie mimi ni nani, ndipo mtaelewa.

Hapa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, wananiita Mama Glodie, hata sasa ambapo Glodie mwenyewe hayupo. Nauza samaki sokoni, mikebuka na ndagala. Jumapili naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia.

Na mimi si mtu wa kukasirika wimbo ukirudiliwa, yaani ukiimbwa upya na mtu mwingine. Wee! Mimi ndiye mpenzi nambari moja wa nyimbo zilizorudiliwa.

Chukua rumba ya orkesta kubwa, yenye tarumbeta na magitaa matano. Halafu uisikie inaimbwa na mama mmoja anayetwanga majani ya sombe, hana chombo kingine ila mchi wake. Hapo ndipo unajua kumbe ule wimbo ulikuwa unasema nini miaka yote hiyo.

Nyimbo zilikuwa zinavuka kutoka Kigoma, zikifika kwetu tunazibadilisha maneno, na nyingine nikapenda zetu kuliko zao. Tulibishana sana mambo hayo nyumbani. Baba yangu alisema wimbo ni wa aliyetunga. Mimi nilisema wimbo ni wa aliyeuimba vizuri zaidi.

Siku moja kwaya yetu ilichukua wimbo wa baa, tukaupunguza mwendo, tukaweka maneno ya Bikira Maria. Wazee walitoa machozi. Padri hakujua umetoka wapi.

Kijana mmoja alijua. Alikuwa amesimama nyuma anacheka peke yake. Baada ya misa akanifuata.

“Dada, ile wimbo iko ya baa.”

“Ilikuwa ya baa,” nikamjibu. “Sasa ni ya Maria.”

Ndiye Cyprien. Fundi wa umeme, na mpiga gitaa. Alikuwa na tabia moja ya mkono: kamba nene anaigusa kwa kuchelewa, kama mtu aliyekuwa anaondoka akakumbuka kitu. Nilimpenda kwa ajili ya kamba ile.

Tukaoana kanisani. Tukamzaa Glodie.

Mnaukumbuka mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia nyumba za chini? Maji yakakaa ndani ya nyumba za watu kama mwenyeji. Nyuma yake ikaja kolera, yaani kipindupindu.

Glodie alikuwa na miaka sita. Alikuwa na ndoo yake ndogo, kila asubuhi ananiamsha twende kuchota maji. Ugonjwa ulimchukua haraka hivi kwamba ndoo ilikuwa bado mlangoni, na maji ndani.

Kwenye mkeka wa kilio, wanawake walipochoka kulia, sauti ikanitoka. Sikutunga. Ilitoka yenyewe:

“Glodie, mayi imetulia,
ndoo yako iko mulangoni.
Nani ataniamsha asubuhi?
Nani, Glodie, nani?”

Cyprien akachukua gitaa, akanifuata polepole. Hakuna aliyemwita. Alipiga huku machozi yanamdondokea juu ya mbao.

Tangu hapo tuliuimba mara moja tu kwa mwaka, siku ya kumkumbuka. Mimi, yeye, Yaya Mado na wazazi. Basi.

Kisha Cyprien akapata kazi mbali, mahali panapoitwa Bendera, kule kwenye mitambo ya umeme. Akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Wakati mwingine mwezi unapita. Anasema barabara mbaya, na kweli barabara ni mbaya. Mimi nikabaki na samaki wangu na kwaya yangu.

Sasa turudi kwenye harusi.

Nilimsubiri DJ atoke kupunga upepo. Anaitwa Didier, namfahamu tangu akiwa kwenye katekisimu.

“Didier, ile wimbo ya Glodie ni ya nani?”

“Ah, Mama Glodie, kumbe hata wewe umeipenda! Ndiyo, njo iko inatembea sasa. Uvira banaipiga, Moba banaipiga. Ni ya Chérubin, ule kijana wa Lubuye. Tena iko na jina ya mutoto wako, nilikuwa nataka kukuambia.”

Hakujua kitu, maskini. Nikamshukuru.

Kesho yake nikaenda Lubuye. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nimefunga kikwembe mara mbili kiunoni, maneno yote ya kumwita mwizi yako tayari mdomoni.

Nikamkuta kijana mwembamba, mpole, kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Akaniletea kiti chake mwenyewe. Nikamwambia wimbo ule ni wangu.

“Mama, mimi sikuiba,” akasema. “Naapa. Nilikwenda kuimba kwenye fete moja kule Bendera. Asubuhi nikasikia mama moja anabembeleza mutoto na ile wimbo. Nikasimama pale kama mujinga. Nikamuomba, ‘Mama, naweza kuirudilia?’ Akacheka, akasema chukua.”

“Akakuambia Glodie ni nani?”

“Nilimuuliza. Akanionyesha mutoto yenye alikuwa nayo mugongoni. Njo Glodie.”

Vita vyangu vyote vikaniishia pale kwenye kiti.

“Niko nayo kwenye telefone,” Chérubin akaongeza. “Nilimurekodi. Unataka kusikia?”

Akaweka.

Sauti ya mwanamke kijana, tamu, isiyo na haraka. Wimbo wangu umelainishwa, umegeuzwa wa kubembeleza. Pale niliposema “nani ataniamsha,” yeye anasema “nani atanichekea.” Ningekuwa mtu mwingine, ningesema hii ndiyo nzuri kuliko zote. Kusema kweli ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Lakini sikuwa nasikiliza sauti.

Nyuma ya yule mama, ndani ya nyumba, kulikuwa na gitaa. Na kamba nene ilikuwa inaguswa kwa kuchelewa.

“Yenye anapiga ni nani?” nikauliza.

“Njo bwana yake. Hakutoka inje, sikumuona vizuri.” Chérubin akaizima rekodi. “Iko na beti ya pili, lakini ni ya huzuni. Haichezeki. Nikaitoa.”

Sikumuuliza habari za beti ya pili. Nilikuwa nimeshasikia ya kutosha.

Yaya Mado alinikataza kwenda.

“Ukienda utakuta nini? Mwanaume ana bibi mwingine, njo jambo mupya hilo? Umungoje hapa hapa, mwisho wa mwezi, kwenye mulango yako.”

“Yaya, ameshamupa jina ya mutoto wangu. Nataka kuona hiyo sura.”

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, alfajiri. Matope, vizuizi vya askari, matope tena. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Taximan alikuwa anapiga filimbi njiani, na mnajua wimbo gani alikuwa anapiga? Huo huo. Nikamwambia anyamaze. Akanigeukia akashangaa.

Tulifika jua limeanza kuinama. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo:

“Mama, natafuta ule mama mwenye alimupa Chérubin wimbo.”

“Ah! Unatafuta Mama Glodie?”

Hilo ni jina langu. Miaka yote nimeitwa hivyo na watu wote. Sasa naonyeshwa kwa kidole mwenye jina hilo, kwenye nyumba yenye mlango wa bluu.

Akanifungulia mwenyewe. Constance. Mdogo kwangu, uso wa duara, mikono ina unga.

“Karibu, Mama. Umetoka mbali?”

“Kalemie.”

“Ni kwa mambo ya wimbo! Chérubin alisema siku moja batu batakuja. Ingia, kaa.”

Akanipa maji ya kunywa kabla sijaomba. Akaita nyuma ya nyumba:

“Glodie! Kuja umusalimie Mama!”

Akaja mbio. Miaka mitatu hivi, au inakaribia minne. Alikuwa na masikio ya Cyprien. Akanipa mkono wake mdogo, baridi kwa maji aliyokuwa anachezea.

Nilitaka kumchukia. Niliomba hata dakika moja ya kumchukia. Haikuja.

“Wimbo nani alitunga?” nikauliza.

“Bwana yangu. Alimutungia huyu siku alizaliwa.” Constance akacheka kwa aibu ya furaha. “Ile ya Chérubin ni ya kucheza, lakini mimi napenda hii yetu. Nikuimbie?”

Akamweka mtoto mapajani, akaimba. Beti ya kwanza ninaijua. Kisha akainamisha kichwa, sauti ikashuka, akaendelea:

“Dada yako alikwenda mbele,
mama yake akamufuata.
Balale salama bote wawili,
na wewe, Glodie, lala.”

Nikaomba arudie. Akarudia.

“Mama yake akamufuata,” nikasema. “Njo nani huyo?”

“Bibi wa kwanza wa bwana yangu. Kolera, Mama, kule Kalemie. Mutoto alikufa, wiki haijaisha mama naye akaenda. Njo maana tulimupa huyu jina ya dada yake.” Akafanya ishara ya msalaba. “Alikuwa anaitwa Laurette. Kila mwaka tunamuombea misa. Baba yangu ni katekista, yeye mwenyewe njo anasoma jina yake mbele ya batu. Laurette na Glodie.”

Ndugu zangu mnaosoma hapa, sijui kama mmewahi kufa.

Mimi nilikufa pale, kwenye kiti cha plastiki, nimeshika kikombe cha maji. Watu wananiombea. Kanisa zima linaitika “astarehe kwa amani.” Na mimi wiki hizo hizo niko Kalemie nimeweka nguo za mume wangu kwenye jua zisishike ukungu, anakuja mwisho wa mwezi.

Nilidhani ameweka mke wa pili. Hapana. Alikuwa ameshanizika, akanitungia na wimbo. Tena ndani ya wimbo wangu mwenyewe.

“Constance,” nikasema polepole, “huyo Laurette, uliwahi kuona picha yake?”

“Hapana. Bwana alisema zote zilikwenda na mayi, ule mwaka ziwa ilipanda.”

“Mimi njo Laurette.”

Akatabasamu kwanza. Alidhani nataja jina tu, kwamba tunafanana majina.

“Mimi njo Laurette, mama ya Glodie wa kwanza. Cyprien alilala kwangu mwezi uliopita. Ana kovu ya waya kwenye mukono wa kushoto. Akilala anakunja kidole gumba ndani ya ngumi.”

Tabasamu likaondoka usoni kwake. Akamshusha mtoto chini, akampeleka kwa jirani, akarudi, akakaa. Hakulia wala hakunitukana. Alikaa tu, mikono yake yenye unga juu ya magoti.

Tulibaki hivyo mpaka tuliposikia hatua za Cyprien nje.

Aliingia amebeba mkate. Akaniona. Mkate haukuanguka, aliushika kwa nguvu mpaka ukakunjika katikati.

Constance ndiye aliyezungumza kwanza.

“Papa Glodie, marehemu wako amekuja kutusalimia.”

Alijaribu kunitoa nje tuongee wawili. Nikakataa. Nikamwambia aongee hapo hapo, mbele ya mwanamke aliyekuwa ananiombea misa.

“Kwa nini uliniua, Cyprien?”

“Laurette... baba ya huyu ni katekista. Hawezi kutoa binti yake kwa mutu mwenye bibi.”

“Ungesema umeniacha.”

Akaangalia chini.

“Ningesema nimekuacha, bangeuliza kosa lako ni nini. Na wewe hukuwa na kosa.”

Nimekwisha kukaa na neno hilo muda mrefu. Silimalizi. Kumbe ningekuwa mke mbaya, mgomvi, ningeachwa tu kama wanawake wengine, nikabaki hai.

“Na wimbo?” nikauliza.

Hapo akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza akawa na ukali.

“Wimbo ni yetu wote mbili. Na mimi nilifiwa, Laurette. Kule nyumbani kila kitu kilikuwa kinalia, mpaka sahani. Nilitaka mahali mwenye ile wimbo inaimbwa na mutu anacheka.”

Aliponichoma ni hapo, kwa sababu alikuwa amefiwa kweli. Machozi yale juu ya gitaa niliyaona.

Lakini kufiwa hakumpi mtu ruhusa ya kuzika walio hai.

Constance akasimama, akafungua ule mlango wa bluu.

“Toka,” akamwambia. “Mama huyu atalala hapa leo. Wewe utafute pa kulala.”

Nililala kwa mwanamke yule. Tulikula mihogo, mtoto katikati yetu. Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye moto, akanifunga kikwembe vizuri begani kama vile ni mdogo wangu, au dada yangu, sijui.

Mwezi ule Cyprien alileta wazee wa ukoo wake nyumbani kwangu. Walikuja wamevaa vizuri, wamebeba maneno ya msamaha. Niliwafungulia mlango nusu.

“Mumekuja kumuomba nani musamaha?” nikawauliza. “Marehemu hapokei wageni.”

Wakarudi walikotoka.

Chérubin naye alikuja. Alikuwa ameshasikia, Kalemie nzima imesikia. Alikaa ukumbini na kofia mkononi, anataka kuuondoa wimbo.

“Utauondoa wapi?” nikamuuliza. “Uko kwenye telefone ya kila mutu.”

“Basi kuja tuimbe pamoja, Mama. Tuurudilie, uimbe ile ya kwanza, ya kwako. Batu bajue.”

Nilimwambia yeye sina neno naye. Aliomba ruhusa kwa mtu aliyemkuta nao, akapewa. Lakini jukwaani sipandi.

Watu wanajua sasa. Wanajua Glodie ni nani, wanajua alikufa vipi. Na Jumamosi ikifika, DJ akikata muziki, akiuliza nani, wanajibu kwa furaha ile ile: mimi! Hata wale waliokuja kwenye kilio. Hata wenzangu wa sokoni, ambao, kama nilivyokuja kujua, nusu yao walikuwa wameshasikia habari za Bendera zamani, wakaendelea kununua samaki kwangu.

Constance alimfukuza Cyprien. Yeye sasa yuko kati ya nyumba mbili ambazo hazimpokei. Nasikia anapanga chumba karibu na kazi. Simuonei huruma. Siku nyingine namuonea. Inapita.

Juzi telefone ikalia. Namba siijui. Nikapokea.

“Yaya Laurette,” sauti ikasema. “Ni Constance. Pardon. Huyu mutoto hapati usingizi. Tangu siku ile niliacha kuimba, na yeye anaikatalia kila wimbo ingine. Nimeona nikuombe. Naweza kumuimbia?”

Nilikuwa namsikia mtoto nyuma yake, analia ule mlio wa usingizi.

Katika watu wote waliouchukua wimbo ule, huyu ndiye wa kwanza kuniuliza.

“Muimbie,” nikasema. “Mutoto hana kosa. Lakini ile beti ya pili uitoe. Mimi niko muzima.”

“Ninaitoa,” akasema.

Akaanza kuimba kabla hajakata simu. Nikasikiliza mpaka beti ya kwanza ilipoisha, nikaona ameianza tena mwanzo. Ndipo nikakata mimi.

Somo langu, kwa mnaolitaka, ni hili. Mtu akirudilia wimbo wako, usikimbilie kukasirika, na usikimbilie kumpigia makofi. Sikiliza kwanza alichotoa na alichoongeza. Sauti inaweza kuwa ile ile, gitaa lile lile, jina lile lile. Lakini mtu anayekuondoa maishani mwake hakuambii mdomoni. Anabadilisha maneno kidogo, mahali ambapo hupo kusikia.